Flashi ya Ijumaa

Mwanamke mwenye mkoba wa bluu aligeuka nyuma kwa mara ya tatu.

Wankyo aliinama haraka, akaokota nyanya moja kwenye fungu, akaipima mkononi kama mnunuzi mgumu.

"Chukua mama, zimetoka shamba leo hii," muuzaji alimwambia.

Jicho la Wankyo lilikuwa ng'ambo ya barabara ya Nyakato, mjini Musoma, kwenye kituo cha magari. Mkoba wa bluu uliingia ndani ya Toyota Noah nyeupe. Kondakta alipiga bodi kwa kiganja, akaita abiria wa mwisho wa Bunda.

Wankyo aliirudisha nyanya.

Pikipiki yake, Boxer nyekundu iliyochakaa kwa makusudi, ilikuwa imeegeshwa nyuma ya duka la mbolea. Alivaa kofia ngumu, akagusa kifaa kilichokuwa sikioni.

"Furu hapa. Ningu ametoka majini."

"Anaelekea wapi?" Sauti nzito ya Mzee Prosper, bosi wake, ilimjia kutoka Dodoma.

"Bunda."

"Yuko na nani?"

"Yeye na mkoba wake."

"Usimpoteze. Wala usimguse."

"Nimekupata, mzee."

Noah iliondoka. Boxer ikafuata kwa mbali.

Wankyo Makongoro alikuwa mpelelezi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Redioni aliitwa Furu, kasamaki ka ziwani ambako hakuna mvuvi anayekosa usingizi kwa ajili yake. Jina hilo alilipenda. Lilimsaidia kupita mahali ambapo wakubwa wangetazamwa.

Aliyekuwa akimfuata, waliyempa jina la samaki mwingine, Ningu, alikuwa Hyasinta, mhazili wa kikosi cha doria cha ziwa pale Musoma. Mwezi uliotangulia, boti ya kikosi hicho ilivamiwa nje ya rasi ya Majita na genge la watorosha dhahabu. Wavamizi hawakuwa wanakimbia. Walikuwa wamekaa nyuma ya mawe wanasubiri, injini zimezimwa, bunduki zimeelekezwa mahali hasa ambapo boti ingepita.

Askari mmoja alikufa kabla hajafikishwa nchi kavu. Nicolaus. Kijana wa Butiama.

Njia ya boti hiyo ilikuwa imeandikwa mahali pamoja tu: ndani ya kompyuta kuukuu ya Dell iliyokuwa ofisini, isiyo na waya wa mtandao wala intaneti ya namna yoyote. Watu wawili tu ndio waliokuwa wakiifungua. Mkuu wa kikosi, Afande Edwin.

Na Hyasinta.

Nicolaus alikuwa mdogo wake Hyasinta. Tumbo moja.

Mzee Prosper alipompa Wankyo kazi hiyo alisema neno moja tu. "Ndugu kumuuza ndugu halijaanza leo."

*

Bunda jua lilikuwa kali. Hyasinta alishuka, akatembea moja kwa moja bila kuuliza mtu njia, akaingia kwenye ukumbi uliopakwa rangi ya maziwa. Juu ya mlango palikuwa na bango.

WEPESI LINUX. KOMPYUTA YAKO YA ZAMANI BADO INA UHAI.

Wankyo alizunguka jengo. Mlango mmoja mbele, mmoja nyuma. Probox ya kijivu imeegeshwa kivulini. Aliikariri namba yake, akavua kofia, akajifunga kilemba, akaingia kama mtu aliyechelewa darasa.

Ndani walikuwepo watu wa kila aina. Masista wawili, walimu, makarani, muuza vifaa vya shule. Kila mmoja alikuwa amekuja na mashine iliyokataliwa. Windows mpya haikuzitaka kompyuta zao, na ile ya zamani ilikuwa imeachwa bila matunzo. Wote walikuwa wanahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta.

Mbele alisimama mwanamume mwembamba, shati jeupe, miwani mizuri, sauti ya kumbembeleza mtoto.

"Mfumo wote umo humu ndani," alisema, akiinua flashi ndogo nyeusi. "Unaichomeka. Unawasha. Mashine ya babu yako inakimbia kama swala. Ukimaliza unachomoa, unaweka mfukoni, unaenda nao nyumbani. Kompyuta yoyote duniani inakuwa yako."

Watu walicheka kwa furaha. Sista mmoja alipiga makofi.

Wankyo alicheka pia. Macho yake hayakucheka.

Hyasinta alifungua mkoba wa bluu, akatoa flashi nyeusi kama ile, akampelekea mwalimu mkononi.

Hadharani. Mbele ya watu wote.

Mwalimu aliichomeka kwenye laptopu yake iliyounganishwa na intaneti. Taa ndogo ya flashi ilimeta, ikameta, ikametameta kwa muda mrefu. Kisha akamrudishia.

"Tayari, dada Hyasinta. Nimeisasisha."

"Asante kaka Felisian. Mungu akubariki."

Wankyo aliikazia macho flashi ikirudi mkobani. Kwa muda wa kazi yake alikuwa ameona siri zikipokezwa ndani ya mikate, ndani ya Biblia, hata ndani ya nepi za mtoto. Hakuwahi kuona siri ikipokezwa kwa baraka.

Ama mwanamke huyu alikuwa jasiri kupita kiasi, ama hakujua alichokibeba.

Felisian alikuwa amekwishamwona mgeni. Alimjia akitabasamu.

"Karibu dada. Umetokea wapi?"

"Butiama. Mimi ni karani wa ghala la nafaka. Kompyuta yetu imegoma."

"Haijagoma. Imenyimwa chakula tu." Alimpa flashi mpya. "Hii ni bure. Ila uje nayo kila Ijumaa niisasishe. Usiposasisha, inaugua."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. Bila kukosa." Alimtazama sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. "Hujaniambia jina."

"Sara," Wankyo alisema.

"Sara wa ghala la nafaka. Nitalikumbuka."

*

Asubuhi ya Jumamosi, katika chumba cha nyumba ya wageni Butiama, Wankyo alifunga mlango, akasogeza kitanda kiuzuie. Nje kengele za ng'ombe zilipita zikielekea malishoni.

Juu ya meza aliweka laptopu yake ya zamani, ThinkPad. Haikuwa na diski ndani. Alikuwa ameing'oa mwenyewe. Mashine hiyo iliishi kwa flashi yake binafsi, yenye Puppy Linux, mfumo mdogo unaoweza kupanda wote kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta na kuishia hapo. Ukizima, kila kitu kinafutika kama pumzi kwenye kioo.

Aliuchukua mfumo huo kutoka kwa watengenezaji wenyewe, akailinganisha alama yake ya uhakiki na ile waliyoichapisha, ule mstari mrefu wa herufi na tarakimu ambao hubadilika wote hata mfumo ukiongezewa doa moja tu. Hakuamini flashi aliyopewa na mtu. Hata na bosi wake.

Akachomeka ya Felisian.

Juu ya ganda iliandikwa gigabaiti thelathini na mbili. Kioo kilimwonyesha nusu yake.

Nusu nyingine ilikuwa wapi?

Alichimba. Ikatokea. Chumba kilichofichwa, kikiwa kitupu, kinasubiri.

Hakuwa na haja ya kumtega mtu mwingine. Alijitega mwenyewe. Aliwasha mashine kwa Wepesi Linux, akaandika barua ya uongo kuhusu magunia ya mahindi, akaihifadhi, akazima. Akarudi kwenye mfumo wake safi, akatazama tena kile chumba cha siri.

Barua ilikuwa humo. Nakala kamili.

Aliunganisha intaneti ya simu, akawasha tena mfumo wa Felisian, na safari hii akaweka kifaa kidogo cha kunasa mawasiliano katikati. Barua ya mahindi ilitoka ndani ya flashi, ikapita angani, ikaenda nje ya nchi. Hakuna kilichoonekana kwenye kioo. Hata mshale wa kipanya haukutikisika.

Wankyo aliegemea kiti.

Sasa alielewa. Kompyuta ya kikosi haikuwa na intaneti, na haikuihitaji. Hyasinta aliiwasha kila asubuhi kwa flashi. Kila njia ya boti aliyoichapa ilinakiliwa kimyakimya kwenye chumba cha siri. Jioni aliweka flashi mkobani. Ijumaa akaipeleka Bunda kwa miguu yake mwenyewe.

Alipiga simu.

"Nimepata mfereji, mzee."

"Na maji yanatoka kwa nani?"

"Kwa binti. Lakini sijui kama anajua."

"Mkamate. Atajua akiwa ndani."

"Tukimkamata, Felisian anatoweka kesho. Na huenda binti hana kosa."

Mzee Prosper alibadili swali.

"Edwin je?"

"Edwin simjui bado."

"Una mpaka Ijumaa, Furu. Usimwamini yeyote kati yao."

*

Jumapili, baada ya misa, Wankyo alipanda kijia cha kwenda nyumbani kwa baba yake Hyasinta, nje kidogo ya mji mdogo wa Butiama. Alitaka kumwona binti akiwa peke yake.

Hakuwa peke yake.

Uani palikuwa na Land Cruiser nyeupe ya kikosi cha doria.

Wankyo alisimama nyuma ya ukuta wa zizi. Mkono wake uliingia chini ya kanga, ukagusa bastola yake, Glock 19. Watuhumiwa wawili, nyumba moja, Jumapili. Ushahidi ulikuwa unajipanga wenyewe, na jambo hilo halikumpendeza. Ushahidi unaojipanga huwa umepangwa.

Sauti ya Afande Edwin ilitoka barazani, ya chini, ya kukwama.

"Baba, sijawapata bado. Nilisema nitakuja kila Jumapili nikwambie, hata kama sina la kukwambia. Leo sina."

"Kaa unywe uji," mzee alijibu.

"Ni mimi niliyempanga kwenye boti ile. Haikuwa zamu yake."

"Nimesikia. Ulishasema Jumapili iliyopita, na ile ya kabla yake. Kaa."

Wankyo aliutoa mkono chini ya kanga.

Akazunguka ukuta, akapiga hodi.

Baba yake Hyasinta, Mzee Wenceslaus, alimkaribisha bila kuuliza. Hyasinta alitoka jikoni na sufuria mkononi, akamwona, akakunja uso.

"Wewe si ulikuwa Bunda? Darasani?"

"Nilikuwepo. Shikamoo baba. Afande." Wankyo aliweka kitambulisho juu ya kigoda. Edwin alikitazama, akainuka wima. "Hyasinta, naomba flashi yako."

"Ya nini?"

"Naomba tu, mdogo wangu."

Hyasinta aliingia ndani, akarudi na mkoba wa bluu. Wankyo alifungua ThinkPad juu ya mapaja. Edwin alisogea nyuma ya bega lake. Kile chumba cha siri kilifunguka, kimejaa tarehe, majina ya boti, zamu, vituo. Felisian alikuwa amekifuta Ijumaa, na kazi ya Jumamosi ilikuwa imekijaza upya.

"Hizi ni zangu," Hyasinta alisema. "Nimeandika jana. Nani kaziweka hapo?"

"Wewe. Bila kujua. Nani alikupa mfumo huu?"

"Kaka Felisian. Alikuja ofisini, kompyuta ilikuwa imekufa kabisa. Afande alikubali mwenyewe. Kila Ijumaa nilikuwaga namp..."

Alikitazama tena kioo.

Kuku alipita barazani, hakuna aliyemfukuza.

"Ijumaa ile," Hyasinta alisema polepole, "kabla ya Nico. Niliipeleka."

"Ndiyo."

"Nilipanda gari nikaipeleka. Nikalipa nauli."

Alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, sufuria bado iko mkononi. Hakulia. Alitazama flashi ile kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala naye usiku kucha. Wankyo alikuwa ameona wasaliti wengi wakifumaniwa. Wote huanza kuzungumza. Huyu hakuwa na neno hata moja.

Hapo ndipo alipojua.

Afande Edwin alijifuta uso. "Mwezi mzima nimekuwa nikimtazama huyu binti kwa jicho baya. Nimefungua droo zake."

"Na mimi nimekufuatilia wewe, Afande," Hyasinta alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua ni wewe."

Mzee Wenceslaus alimwondolea mwanawe sufuria mkononi, akaiweka pembeni.

"Mtu huyo," alimwuliza Wankyo, "anajua kwamba mnajua?"

"Bado, baba."

"Basi asijue."

*

Juma hilo Hyasinta alikwenda kazini kama kawaida. Aliwasha Dell kwa flashi ya Felisian, akachapa njia ya uongo aliyopewa na Wankyo: Jumamosi asubuhi boti zote zitakwenda kaskazini kwenye mazoezi, na ghuba ya upande wa Guta itabaki wazi.

Alikosea herufi, akaifuta. Alichapa.

Ijumaa alipanda Noah. Wankyo hakumfuata kwa karibu. Alikaa kwenye mgahawa wa mbele ya ukumbi, akaagiza chai, akaiacha ipoe.

Hyasinta alitoka. Alipita karibu na meza yake bila kumtazama.

"Ameniuliza kama nimeshapoa," alisema kwa midomo iliyofumba. "Kuhusu msiba. Amenishika bega."

Akaendelea kutembea.

Jioni Probox ya kijivu iliondoka Bunda kuelekea Guta. Boxer ilikuwa nyuma yake, mbali, taa imezimwa. Probox ilimwonyesha Wankyo alichotaka kukiona: ghala la zamani la pamba, kando ya mashamba, hatua chache kutoka ziwani.

*

Jumamosi, saa nne asubuhi. Upepo ulikuwa unatoka ziwani.

Wankyo alilala kifudifudi kwenye shamba la pamba, darubini ya Nikon usoni. Boti ndefu yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa imesogea ufukweni. Wanaume walikuwa wanabeba ndoo za rangi zilizofungwa vifuniko. Ndoo ndogo, lakini kila moja ilibebwa na watu wawili.

Rangi haina uzito huo.

Redio ya Motorola ilinong'ona.

"Furu, Edwin hapa. Tuko nyuma ya kisiwa. Tunawaona."

"Subirini ndoo zote ziingie botini. Mimi naingia ghalani."

"Peke yako?"

"Nikiingia na watu, atazima mashine."

Hilo ndilo lililomnyima raha. Felisian hakuwa mjinga. Mashine yake ya kazi, kama ya Wankyo, haikuwa na diski. Kila kitu kilikaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ikizimika, majina ya wanunuzi, amri, yote yangekwenda. Wangebaki na ndoo za dhahabu na mwalimu wa kompyuta mwenye shati jeupe.

Alitambaa hadi kwenye Probox. Akafanya alichofanya. Akaingia kwa mlango wa nyuma, Glock mbele.

Ghala lilinuka mbegu za pamba. Katikati palikuwa na meza, laptopu, redio ya mawimbi, na chini ya meza kisanduku cheusi cha kuhifadhi umeme. Felisian alikuwa ameketi, amempa mgongo.

"Sara wa ghala la nafaka," alisema bila kugeuka. "Niliuliza Butiama, nikajibiwa leo asubuhi. Ghala lipo. Sara hakuna."

"Inua mikono."

Aliinua mmoja. Wa pili ulibaki kwenye kitufe cha kuzimia.

"Nilikushuku siku ile ile," alisema. "Kila mtu anayehama Linux anauliza maswali mia. Muziki wangu utafunguka? Printa itakubali? Wewe hukuuliza hata moja."

"Mkono, Felisian."

"Nikibonyeza hapa, sijawahi kufanya kitu. Nitakuwa mtu aliyewafundisha masista kompyuta bure. Nani atakuamini?"

"Nicolaus alikuwa na miaka ishirini na minne."

"Simjui."

"Dada yake ulimshika bega jana."

Kitu kilipita usoni pake. Kabla hakijaisha, redio ya mezani ililipuka.

"Boti! Boti za doria! Wametuzunguka! Felisian, ulisema ghuba iko wazi!"

Risasi zililia ziwani.

Felisian aligeuza kichwa.

Wankyo aliruka. Bega lake lilimpiga kifuani, kiti kikaanguka, mkono ukachomoka kwenye kitufe. Walibiringika sakafuni. Felisian alikuwa mwembamba lakini mwenye nguvu za hofu. Alimpiga kiwiko cha mdomo, akajinasua, akakimbilia ukutani.

Akavuta swichi kuu ya umeme chini.

Taa zilizimika. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama.

Chini ya meza, kile kisanduku cheusi kilianza kulia.

Pii. Pii. Pii.

"Betri ya laptopu niliitoa zamani," Felisian alisema akihema, mgongo mlangoni. "Na hicho kisanduku ni kizee. Chagua, dada. Mimi au mashine."

Akatoka mbio.

Glock ilikuwa mkononi mwa Wankyo. Mgongo mweupe ulikuwa mbele yake, mkubwa kama bango.

Aliishusha.

Akapiga magoti mbele ya mashine. Kioo bado kilikuwa wazi. Akachomeka flashi yake. Mfumo uliitambua. Akachagua kabrasha lote la siri, akaamuru linakiliwe.

Mstari wa kijani ulianza kutambaa.

Pii. Pii. Pii. Pii.

Damu ilimdondoka mdomoni, ikaangukia kibodi. Aliwaza kufuta, akaogopa kugusa kitufe.

Mstari ulifika katikati. Ukasimama.

"Twende," alinong'ona. "Twende, mama."

Ulisogea.

Pii-pii-pii-pii. Sasa kisanduku kililia bila kupumua.

Barua ilikuwa imefunguka kwenye kona ya kioo. Aliisoma huku mstari ukitambaa. Ilitoka kwa mtu wa nje ya nchi aliyejiita Anton. Kiingereza chake kilikuwa kifupi na kibovu, lakini kilieleweka. Baada ya mzigo huu, yule mhazili aondolewe. Amekwisha kazi.

Mstari ulifika mwisho.

Wankyo alisubiri taa ya flashi iache kumeta. Ikaacha. Akachomoa.

Kisanduku kilitoa mlio mmoja mrefu, na kioo kikawa cheusi.

Giza la ghala lilikuwa na mistari ya jua iliyopenya kwenye mabati. Aliweka flashi mfukoni, akafunga zipu, akatoka nje bila haraka.

Felisian alikuwa ndani ya Probox. Alikuwa anazungusha ufunguo, anazungusha, anazungusha. Gari halikujibu hata kwa kikohozi.

Wankyo aligonga kioo. Mkononi alikuwa ameshika waya mfupi mweusi wa betri.

"Shuka, mwalimu."

Felisian aliutazama waya. Akautazama mfuko wenye zipu. Alishuka.

*

Jumatatu mchana ofisi ya kikosi pale Musoma ilikuwa na watu wengi, na wote walikuwa wanazungumza kwa sauti za chini kama walio msibani. Ndoo zilikuwa zimefungiwa stoo. Watu wa boti ndefu walikuwa rumande. Majina ya wanunuzi yalikwishatumwa Dodoma, na Anton alikuwa amesimamishwa kwenye uwanja wa ndege wa nchi aliyodhani ni salama. Magari mawili yalikuwa yanazunguka Bunda yakikusanya flashi nyeusi, kutoka kwa walimu, makarani na masista. Sista mmoja aligoma kabisa kuitoa yake mpaka alipoonyeshwa kitambulisho.

"Turudi kwenye makaratasi," Afande Edwin alisema. "Hii Linux sitaki kuisikia."

"Linux haina kosa, Afande. Ukinunua maji machafu kwa jirani, hulaumu mvua."

Wankyo alikuwa amekaa mbele ya ile Dell kuukuu. Alikuwa ameandaa flashi mpya, mfumo safi, mwepesi, unaoitosha mashine hiyo. Aliuwasha. Dell iliamka bila kunung'unika.

Hyasinta alisimama kando. Mkoba wa bluu hakuwa nao. Macho yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa imetulia.

"Dada, nikuulize. Kama ningekataa kwenda Ijumaa ile, Nico angekuwepo?"

Edwin alitazama dirishani.

Wankyo angeweza kusema uongo. Kazi yake ilikuwa uongo.

"Siku ile, pengine angekuwepo," alisema. "Wangetafuta mlango mwingine. Lakini siku ile, pengine."

Hyasinta aliitikia kwa kichwa taratibu. Alionekana kama mtu aliyepewa mzigo wenye uzito wake halisi.

"Asante kwa kutonidanganya."

Akaitazama flashi mpya iliyochomekwa kwenye Dell.

"Na hii yako je? Yule naye alikuja na sura nzuri hivyohivyo. Nitakuaminije wewe?"

Afande Edwin alifungua mdomo kumkemea.

Wankyo alitabasamu kwa dhati kwa mara ya kwanza tangu alipofika mkoa wa Mara. Lilikuwa tabasamu dogo, upande mmoja, kwa sababu mdomo bado uliuma.

"Usiniamini," alisema. "Kaa hapa."

Alimpisha kiti. Akamwonyesha mahali ambapo watengenezaji wenyewe huchapisha alama ya uhakiki ya mfumo. Akamwonyesha namna ya kuitoa alama ya flashi hiyo mezani. Mistari miwili, mmoja juu ya mwingine.

"Soma herufi kwa herufi. Ikikosana moja tu, nipigie simu. Au bora zaidi, nikamate."

Hyasinta alivuta kiti karibu. Aliweka kidole kwenye kioo, chini ya herufi ya kwanza, midomo ikaanza kwenda.

Wankyo alichukua kofia yake ngumu. Edwin alitaka kumsindikiza, akamzuia kwa mkono. Nje Boxer ilikuwa imepata joto la jua mpaka kiti kilichoma. Simu ilitikisika mfukoni. Dodoma. Aliitazama mpaka ikakata.

Kupitia dirisha aliweza kumwona binti bado ameinama, kidole kimefika katikati ya mstari, hajaruka hata herufi moja.

Alikanyaga kiki na kuondoka.